Nipandishie Sauti: Mjadala wa Jukwaa la Taarab

Aliyeketi ukumbini anasikia taarab moja. Walioko jukwaani kila mmoja anasikia ya kwake, na mara nyingi hakuna hata moja inayofanana na ile ya ukumbini. Mpiga fidla aliyekaa jirani na spika ya gitaa la besi anasikia besi tupu. Mwimbaji aliyesimama mbele anasikia maneno yake yakimrudia kutoka ukuta wa mwisho wa ukumbi, tena yamechelewa: sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio umbali wa mita 20 humrudishia neno baada ya zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, wakati yeye ameshafika kwenye neno jingine. Ndiyo sababu huwekewa spika miguuni, imeinamishwa imtazame yeye na kuwapa watu mgongo. Hiyo ndiyo monita. Kinachotoka humo, na kwa kiasi gani, huamuliwa kwenye miksa, na mara nyingi anayeamua amesimama mahali ambapo hawezi kukisikia.

Ubishi unaozaliwa hapo nimeupangia sauti nne na kuziita kwa kazi zao. Mwimbaji ni mama mwenye jina lake mjini. Fundi Mitambo amekulia kwenye bendi za dansi kabla ya kuhamia taarab. Maalim ni mzee wa kanuni. Kijana anapiga kibodi, na miksa anaielewa kupitia simu yake. Kikundi chao ni cha aina tunayoizoea Unguja sasa: kanuni, udi, fidla, akodiani na dumbak upande mmoja, kibodi, gitaa la besi na drams upande wa pili. Mimi nitaingilia kati ninapoona haja, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande.

MWIMBAJI: Sina maneno mengi. Bashraf ya kufungulia imeshapigwa, nasimama, wimbo unaanza, na sauti yangu siisikii. Nikimwambia Fundi anipandishie, ananijibu kwa kichwa kwamba ameshapandisha. Amepandisha wapi? Huko kwa watu? Mimi nataka hapa miguuni. Mtu asiyeisikia sauti yake hulazimika kukaza koo, na akikaza koo sauti huachana na fidla. Watu hawasemi monita ilikuwa mbovu. Wanasema Bi amechoka, sauti imemwishia.

FUNDI MITAMBO: Bi, nakuheshimu, na sibishi kwamba husikii. Lakini nipe nafasi nieleze. Maiki yako ikiingia kwenye miksa hukutana kwanza na geini, kile kifundo cha juu kabisa. Hapo sauti ndogo ya maiki hukuzwa mpaka ifae kufanyiwa kazi. Baada ya hapo njia inagawanyika. Moja inashuka hadi kwenye kitelezi, kile ninachokisukuma kwa kidole, kisha inakwenda spika za ukumbini. Nyingine inatokea kwenye oksi, na ndiyo inayokuletea monita. Oksi nikiiweka ichote sauti kabla ya kitelezi, naweza kukupunguza kwa watu bila monita yako kutikisika. Nikiiweka ichote baada ya kitelezi, kila nikikushusha ukumbini nakushusha na miguuni. Kwa hiyo monita ni kabla ya kitelezi. Ya baada ya kitelezi naiachia mwangwi, ili sauti yako ikishuka mwangwi nao ushuke. Hilo nalijua na nimelifanya. Husikii kwa sababu umezungukwa na kelele.

KIJANA: Shikamooni wakubwa. Fundi, naomba niseme kwa heshima. Oksi yako iko sawa. Tatizo ni kwamba katikati ya wimbo huwa unaigusa geini. Geini ni koki kuu ya nyumba: ukiibana, bafuni na jikoni kote maji yanapungua. Wewe unasikia ukumbini kumetulia, unaridhika. Bi pale mbele kapotea.

FUNDI MITAMBO: Marahaba. Nisipoigusa taa nyekundu inawaka na sauti inachanika. Jioni tukipima vyombo, Bi anaimba mistari miwili kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani, anasema koo analitunzia usiku. Usiku watu wamejaa, vigelegele vinapigwa, anaimba kwa nguvu ambayo jioni sikuonyeshwa. Geini niliyoipanga jioni inakuwa kubwa mno. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

MWANDISHI: Hapa tusimame, kwa sababu wote watatu wameshika kipande cha jambo moja. Daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, aliandika mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua, na kelele ikiondolewa hurudi chini bila kuambiwa. Hilo humpata mwimbaji usiku. Kelele ya ukumbi inampandisha sauti, taa nyekundu inawaka, fundi anapunguza geini, monita inashuka, mwimbaji anazidi kujipoteza, anazidi kupaza, taa inawaka tena. Kila mmoja ametenda kwa nia njema, na kila tendo limeongeza tatizo.

Kosa hilo lina dawa, na dawa iko jioni. Mwimbaji achague mstari wa juu kabisa wa wimbo wake mgumu kabisa, auimbe kama atakavyouimba usiku, mara mbili au tatu, basi. Hakuna koo linaloharibika kwa mistari mitatu. Wakati huo fundi abonyeze kitufe cha kuisikiliza njia ile peke yake, apandishe geini taratibu mpaka mizani ya sauti icheze karibu na sifuri, maneno mazito yakiruka juu yake na taa nyekundu ikibaki imezimika. Kwenye miksa ya dijitali aache nafasi pana zaidi, wastani ukae kiasi cha desibeli 18 chini ya kilele. Akishamaliza, mkono utoke kwenye geini. Ikiwa usiku hakuna budi kuipunguza kwa desibeli 4, aiongeze oksi ya monita kwa 4 zilezile katika pumzi hiyohiyo. Lakini akiacha nafasi ya kutosha tangu jioni, hatakuwa na sababu ya kuigusa.

Taarab ina ugumu wa ziada ambao vitabu vya ufundi wa sauti vilivyoandikwa kwa ajili ya bendi za roki havina. Huku waimbaji hupokezana. Bi akimaliza wimbo wake huketi, anasimama mwingine mwenye sauti nyembamba, anashika maiki ileile iliyopangiwa koo la yule wa kwanza. Hakuna geini moja inayoweza kuwatosha wote wawili. Maiki mbili za waimbaji wakuu, kila moja na njia yake kwenye miksa, zinaondoa ugumu huu. Mmoja anapoimba, wa pili ameshika yake, imezimwa, na vipimo vyake vinamsubiri.

MAALIM: Mmesema mengi juu ya vifundo. Nami niwaulize. Kikundi cha Ikhwan Safaa kilianzishwa hapa Unguja mwaka 1905. Monita ilikuwa wapi? Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Nani alimwekea spika miguuni? Watu walikaa karibu karibu, udi ukamsikia fidla, fidla akamsikia mwimbaji, na aliyezidisha alitazamwa kwa jicho moja tu akashuka. Leo kanuni yangu ina nyuzi zaidi ya sabini na sisikii hata mmoja. Nikiomba monita, ninaletewa kanuni yangu pamoja na drams za mwenzangu, maana maiki ya kanuni imezinasa. Dawa yenu inabeba ugonjwa uleule.

MWIMBAJI: Maalim, hilo la mwisho nakuunga mkono. Hilo la kwanza hapana. Zama hizo hapakuwa na gitaa la besi nyuma ya mgongo, wala drams, wala ukumbi wa mamia ya watu wanaozungumza huku wewe unaimba. Ukiniondolea monita leo, niondolee na hivyo vyote.

MAALIM: Ningeweza, ningeviondoa.

MWANDISHI: Maalim hayuko peke yake katika ndoto hiyo. Mwaka 1974 bendi ya Grateful Dead ya Marekani ilijaribu kuifanya kweli. Walijenga ukuta wa spika mamia kadhaa na kuusimamisha nyuma yao wenyewe, ili wanamuziki na watazamaji wasikie kitu kimoja, bila monita. Kwa kuwa maiki zilikuwa mbele ya ukuta huo, kila mwimbaji alipewa mbili zilizofungwa pamoja, moja imegeuzwa umeme wake, akaimba kwenye moja tu. Kelele iliyoingia zote mbili kwa usawa ikajifuta yenyewe. Ilifanya kazi. Lakini kuubeba na kuusimamisha ukuta ule kulikuwa mzigo mkubwa mno, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wameuacha. Kinyume chake ni Beatles katika uwanja wa Shea, New York, tarehe 15 Agosti 1965: watazamaji zaidi ya 55,000, mayowe mwanzo hadi mwisho, na hakuna monita. Walipiga bila kujisikia. Mwaka uliofuata wakaacha ziara za maonyesho kabisa, na hilo lilikuwa miongoni mwa sababu.

Hoja ya Maalim yenye uzito ni ile ya kusikilizana, na inaweza kupimwa kwa namba. Fundi, eleza habari ya nguvu.

FUNDI MITAMBO: Ni hesabu ambayo kila mpiga ala angepaswa kuijua. Monita ya wati 200 nikitaka kuiongeza desibeli 3, sikio linasikia tofauti ndogo tu, lakini amplifaya inadaiwa wati 400. Nikitaka Bi asikie mara mbili ya anavyosikia sasa, ni kama desibeli 10, yaani wati 2,000. Sina amplifaya hiyo, na hata ningekuwa nayo spika ingepiga yowe kabla sijafika nusu ya njia. Ila kijana huyu wa kibodi na mwenzake wa besi wakishusha spika zao za nyuma kwa desibeli hizohizo, ni bure. Hakuna waya wa kununua.

KIJANA: Fundi, nikishusha simsikii mpiga besi.

FUNDI MITAMBO: Naye anasema hakusikii wewe. Basi nani aanze?

MAALIM: Uanze wewe, mwanangu. Na kabla hujashusha sauti, toa mkono wa kushoto. Besi ipo, inapigwa na mwenye gitaa. Wewe unaipiga tena chini, na katikati unajaza sauti za vinanda na mapazia ya fidla za kubandika, pale pale anapoimba Bi. Anaomba apandishwe kwa sababu wewe umekaa kwenye kiti chake.

KIJANA: Nikiutoa mkono wa kushoto wimbo unakuwa mwepesi.

MAALIM: Kwako wewe uliyekaa pale. Watu hawataujua upungufu.

MWANDISHI: Katika mjadala huu wote hakuna neno ninaloliamini zaidi ya hilo la Maalim. Maombi mengi ya kupandishiwa sauti ni maombi ya kupewa nafasi, na nafasi hupatikana kwa kupunguza. Anayetaka kumsaidia mwimbaji aanze kwa kumwuliza, "Nini kinakuziba?" Jibu likiwa kibodi, kibodi itoke kwenye monita yake, au ishushwe pale jukwaani. Jibu likiwa ukungu wa sauti nzito, basi maiki yake ikatwe sauti zote zilizo chini ya hezi 100 hivi, kwa sababu koo la mwanamke halina kitu huko, na kilichomo ni mtetemo wa jukwaa na besi iliyopenya. Sauti nzito zinazotoka kwenye monita hazibaki jukwaani. Zinazunguka nyuma ya spika na kuingia ukumbini, zikiwafunika hata wale wa safu ya mbele wasiokuwa na kosa lolote.

Na mwimbaji anahitaji vitu vichache mno. Anahitaji sauti yake. Anahitaji chombo kimoja cha kumshikia sauti ya wimbo, kanuni au fidla. Anahitaji kitu cha kumpa mdundo, na dumbak iliyo hatua mbili kutoka kwake anaisikia bila msaada. Hivyo vitatu vinatosha. Monita iliyobeba kikundi kizima haimsaidii mtu, kwa kuwa imemrudishia ileile fujo aliyotaka kuikimbia.

Nina shauri jingine litakalomkera Fundi. Mafundi wengi wakipima vyombo huanza na drams, kisha besi, kisha gitaa, kisha kibodi, na waimbaji mwisho. Utaratibu huo ulitoka kwenye roki, na kwenye roki una maana yake. Kwenye taarab unaanza na chombo chenye kelele kuliko vyote, unakipa kimo chake, halafu usiku kucha unahangaika kuinua udi na kanuni zifike hapo. Hazifiki. Mimi ningeanza na kanuni na mwimbaji peke yao. Kimo ambacho wawili hao wanasikika wazi jukwaani bila spika kulia, hicho ndicho kiwe dari. Kila kinachofuata kiingie chini yake, drams za mwisho, na mpiga drams apewe fimbo nyepesi au atandike kitambaa juu ya ngoma.

FUNDI MITAMBO: Nimekusikia, na nitakujibu kama mtu wa kazi. Drams huingia kwenye kila maiki iliyo wazi. Nikimpangia Maalim kanuni yake katika ukimya, ukimya huo hautakuwepo usiku. Drams zikianza, maiki ya kanuni itabeba matoazi, na kila kitu nilichokipanga kitabadilika sura. Ndiyo sababu naanza nazo. Nataka kumjua adui kwanza.

MWANDISHI: Hoja hiyo sina jibu kamili juu yake. Kubali angalau hili: kanuni kwanza, kisha drams zipigwe kidogo huku maiki ya kanuni iko wazi, uone zinapenya kiasi gani, na ukiona zinapenya sana zishuke drams wala si kanuni ipande.

FUNDI MITAMBO: Hapo tunaweza kuelewana. Sasa nami nina lawama yangu, na Bi anisamehe. Tunza.

MWIMBAJI: Tunza imekufanya nini?

FUNDI MITAMBO: Shairi limewagusa, akina mama wanainuka, wanakuja kucheza mbele yako na noti mkononi. Unapokea kwa mkono mmoja, na mkono wenye maiki unaushusha mpaka pajani. Kichwa cha maiki kinatazama monita uso kwa uso. Hapo lazima ilie. Maiki za kawaida za kuimbia, kama Shure SM58 iliyoko sokoni tangu 1966, zimeundwa zisikie mbele na ziwe viziwi nyuma kabisa. Kwa hiyo monita naiweka nyuma ya mkia wa maiki, na hapo naweza kukupa sauti nyingi. Ukiigeuza, umeigeuzia sikio lake. Wengine tena hukifumba kichwa cha maiki kwa kiganja wakidhani inaongeza utamu. Kiganja kinaziba matundu yanayoifanya iwe kiziwi kwa nyuma, ikaanza kusikia pande zote. Kesho yake naambiwa mitambo yangu inapiga mluzi.

MWIMBAJI: Tunza siwezi kuikataa, wala siwezi kuipokea nikiwa nimesimama kama mlingoti. Yule mama ametoka kwenye kiti chake kwa ajili yangu.

FUNDI MITAMBO: Usiikatae. Iweke maiki kifuani, kichwa chake kikitazama kidevu. Mkia utatazama chini kwenye monita. Ni hilo tu.

MWIMBAJI: Hilo naliweza. Mbona miaka yote hukuniambia?

FUNDI MITAMBO: Hatukai pamoja, Bi. Mimi naitwa siku ya onyesho.

MAALIM: Na hilo ndilo baya kuliko yote. Waitikiaji wana maiki nne. Bi anapoimba beti zake, zile nne ziko wazi, zinanasa kelele na kuipeleka kwenye monita. Nimwulize Fundi kwa nini hazifungi. Atasema hajui waitikiaji wanaingia wapi. Hawezi kujua, hajausikia wimbo.

FUNDI MITAMBO: Maalim umesema kweli. Kila mara idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka mara mbili, napoteza desibeli 3 kabla spika hazijaanza kulia. Kutoka maiki moja ya Bi hadi tano ni kama desibeli 7 zimekwenda. Zikifungwa wakati wa beti, hizo 7 nazirudisha kwenye monita ya Bi bila kununua kitu. Lakini niwe nimekuja mazoezini, nijue kibwagizo kinaanzia wapi. Na mazoezi hayalipwi. Mpiga ngoma akija mazoezini anaitwa mwanakikundi. Mimi nikija naulizwa nimefuata nini.

MWANDISHI: Malalamiko haya nayasimamia bila kusita. Fundi anayeshika vitelezi anashika uwiano wa kikundi kizima, anaamua udi usikike au uzame, na bado mgao wake hupangwa pamoja na gari la kubebea vyombo. Kikundi kinachoweka wiki kadhaa kuupika wimbo mmoja kisha kikamkabidhi mtu ambaye hajawahi kuusikia kinaitendea kazi yake dhuluma. Mazoezi mawili ya mwisho kabla ya onyesho Fundi awepo, alipwe, aandike kwenye karatasi: nani anaanza, waitikiaji wanaingia baada ya mstari gani, fidla inajibu wapi. Na kabla ya watu kuingia, apande jukwaani mwenyewe, asimame pale Bi anaposimama, amwache mtu mwingine aimbe, asikie kinachotoka miguuni. Kwenye matamasha ambako vikundi hupishana usiku mmoja, kama Sauti za Busara inayofanyika tangu 2004, muda wa kupima huwa dakika chache. Hapo karatasi ile ndiyo itakayomwokoa.

KIJANA: Yote haya, naomba radhi, ni shida za zamani. Miksa za dijitali siku hizi mtu anapanga monita yake mwenyewe kwa simu. Bi atajipandisha anavyotaka, Maalim atazifuta drams zote. Tukiweka na monita za masikioni, spika za miguuni hatuzihitaji tena. Hakuna kulia. Drams na kibodi haziwezi kumfunika mtu aliyeziba masikio yake vizuri.

MWIMBAJI: Mwanangu, nikiimba nina kazi ya kuwatazama watu. Simu nitaitazama saa ngapi?

FUNDI MITAMBO: Na kila mtu akishika simu, kila mtu atajipandisha. Nitakuwa na watu kumi wasiosikilizana kabisa.

KIJANA: Kwani sasa wanasikilizana? Fundi, angalia na upande wa afya. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inasema sikio livumilie desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kiwango cha kumbi za burudani: wastani usizidi 100 kwa kila dakika 15. Monita iliyo mita moja na nusu kutoka sikioni inafika hapo kwa urahisi, na sisi tunapiga usiku mzima. Masikio hayarudi. Mpiga drams wa bendi ya Van Halen ndiye aliyemfanya fundi wake, Jerry Harvey, amtengenezee monita za masikioni mwaka 1995, kwa sababu kelele za jukwaani zilimzidi.

MWIMBAJI: La afya sikubishii. Lakini nikiziba masikio sitavisikia vigelegele. Mimi sijui kuimba taarab bila kuwasikia waliokuja. Wakishangilia mstari, naurudia. Wakikaa kimya, najua niwaendee kwa njia nyingine. Nitazivaa, halafu kwenye ubeti wa pili nitalitoa moja.

KIJANA: Kutoa moja ndiyo hatari kubwa, Bi. Ukibaki na sikio moja utaomba lipandishwe, na hilo moja ndilo litakaloumia. Ila maiki mbili zinaweza kuwekwa ukingoni mwa jukwaa zikielekea kwa watu, sauti yao ikaletwa masikioni mwako pamoja na kanuni.

MWIMBAJI: Watu wangu nitawasikia kupitia waya?

KIJANA: Utawasikia.

MWANDISHI: Namwelewa Kijana, na kwa mpiga drams na mpiga besi ningekubali leo hii: masikio yao yako karibu zaidi na kelele, na hawahitaji kusomana na watu sentensi kwa sentensi. Wakiondolewa spika za nyuma, jukwaa zima litapungua sauti, na hapo monita ya Bi itasikika bila kuguswa. Kwa mwimbaji wa taarab sikubali, mpaka yeye mwenyewe atake. Kurudia mstari kwa sababu mtu wa safu ya tatu ameinuka ni sehemu ya sanaa yenyewe, na kifaa chochote kinachomtenga na mtu yule lazima kijitetee. Katika suala la monita neno la kwanza ni la anayeimba. Fundi ana haki ya kumwambia kinachowezekana na kisichowezekana, lakini hana haki ya kumwambia kwamba anasikia wakati yeye anasema hasikii.

FUNDI MITAMBO: Nakubali, kwa sharti. Bi asiniambie tu "pandisha." Aguse koo akiwa anajitaka yeye, anyooshe kidole kwa chombo kikiwa ndicho kinachomziba, kisha juu au chini. Nikiona mkono nitajua la kufanya bila kuacha vitelezi.

MAALIM: Na jioni tunaanza na kanuni.

FUNDI MITAMBO: Tunaanza na kanuni na Bi. Drams zinafuata mara moja, si mwisho kama anavyotaka mwandishi.

MAALIM: Na mkono wa kushoto?

KIJANA: Nitautoa kwenye beti, Maalim. Kwenye kibwagizo niachieni.

MWIMBAJI: Kwenye kibwagizo mwachieni, waitikiaji wapo wanne. Monita yangu ibaki pale pale.